Kichuguu Kimoja kwa Kucha Kumi

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mimi, Sajini Yasiri Lokule wa Koboko, nimefunga vyuo vikuu vitatu kwa mdomo wangu. Swideni nilifunga. Afrika Kusini nilifunga. Japani nilifunga nikiwa nimekaa kwenye kiti, na jino la mbele halipo! Hakuna bunduki, hakuna barua. Maneno tu.

Sasa ukweli, maana daftari hili ni langu na hakuna mtu wa kunipigia makofi humu. Sikufunga kitu. Mdomo wangu haufungi hata banda la kuku. Na sajini sikuwa — nilikuwa koplo wa geti. Kazi yangu kuandika kitabu cha geti: nani ameingia, nani ametoka, saa ngapi. Ndiyo maana mpaka leo, miaka sabini na mitatu, siku isiyoandikwa naona kama haijapita. Darasa la nne, lakini kitabu changu hakikuwa na kosa hata moja. (Moja. Nilisahau kumwandika brigedia.)

Habari yenyewe ni hii. Mtoto wa dada yangu Zam, anaitwa Viktoria Keji, ni daktari. Si wa sindano. Daktari wa udongo. Alisoma Kampala mpaka vitabu vikaisha, mwaka 2021 wakamvika kofia yenye kamba. Utafiti wake: mchwa anachanganya mate na udongo, udongo unakuwa mgumu kama simiti, mvua inaupiga na haubomoki. Kwa nini? Na mtu anaweza kufanya tofali namna hiyo, bila kuchoma, bila kumaliza miti? Miaka minne mtoto anasoma mate ya mchwa! Niliwaambia watu hapa: familia nyingine iko na daktari wa moyo, sisi tuko na daktari wa mate. Walicheka. Lakini nilisema nikiwa nimeinua kidevu.

Na udongo alitoa wapi? Kwenye kichuguu changu! Kile nyuma ya nyumba, kinanipita urefu, baba aliniachia mimi. Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama vile shamba. Mvua za kwanza kumbikumbi wanaruka, unafunika kwa blanketi, unawaelekeza kwenye shimo, unakula, unauza, jirani unampa bakuli. Keji alikuja 2019 na nyundo na vikopo, akakichimba mpaka tumboni. Tangu hapo hawaruki. Wanatoka kumi, wanatoka ishirini, wanayumba kama watu wametoka matangani.

Basi siku ya sherehe ya kofia, watu wamejaa, soda imeisha, wakasema mjomba atoe neno. Nikasimama: "Aliyevunja kichuguu changu hatapita mlango wowote mpaka kichuguu kiruke tena." Nilikuwa natania! Wote walicheka. Ila kwetu mdomo wa mjomba si wa kuchezea. Mjomba akikasirika, mtoto wa dada yake anakwama njiani, hivyo ndivyo wanavyoamini. Na baada ya hapo Keji akaomba kazi Swideni — hapana. Afrika Kusini — hapana. Japani hawakujibu hata hapana.

Watu wakaacha kucheka.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepata wageni. Zam amefika kutoka Arua asubuhi, pamoja na Paska, dada ya marehemu Paulino, baba yake Keji. Paska ni Mkatoliki wa Ediofe, misheni ya pale Arua, rozari iko shingoni, lakini kuku mweupe ameshika yeye! Nikajua leo mimi ni mtu mkubwa.

Wamekaa. Wamekunywa chai. Kuku tu ndiye anayesema.

Zam akaanza. "Kaka, fungua mtoto."

"Nifungue nini? Mimi kufuli?"

"Yasiri, usinicheze. Leo usinicheze."

Paska akaingilia, sauti ya kanisani: ati wamesali novena tatu, kila moja siku tisa, mtoto mwenye akili namna hii anafundisha vipindi viwili kwa wiki Arua, halafu anashinda kwenye kompyuta anaandika barua kwa watu asiowajua. Na ati iko nafasi moja imebaki. Kazi hizo zinataka daktari ambaye kofia yake haijapita miaka minne. Yake inatimiza Agosti.

"Kwa hiyo daktari anaoza?" nikauliza. "Kama nyanya?"

"Anaoza," Paska akasema, bila kucheka.

Nikawaambia ile ilikuwa mzaha. Zam akasema mzaha wa mjomba unatembea na miguu yake. Nikasema sawa, nitabariki, lakini mtoto aje mwenyewe. Kuku nimebaki naye. Sikuomba, ila huwezi kumrudisha mgeni safari yote ya Arua.

Alhamisi, 10 Aprili

Keji amekuja peke yake. Gauni la kitenge, begi la kompyuta mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Miaka thelathini na sita! Lakini akipiga goti kunisalimia bado namwona yule mtoto aliyekuwa anabandua udongo wa ukuta anakula. Nikamwambia, wewe ulianza utafiti mapema.

Tumefanya baraka kwanza, Zam yuko kwenye simu anasikiliza kama hakimu. Nikajaza maji mdomoni, nikampulizia kifuani mara mbili, nikasema: kama neno langu limekaa njiani kwako, nimeliondoa. Nenda, pita, ule, urudi. Shehe asisikie. Padri wa Ediofe pia asisikie. Keji akajifuta taratibu. Akasema mambo hayo yeye haamini, ila kwamba mate yana nguvu, hilo amelipima maabara. Nikacheka mpaka maji yaliyobaki yakatokea puani.

Halafu akanieleza hiyo kazi. Inaitwa posdoki. Mimi nilidhani mtu akishakuwa daktari wa vitabu amefika, anakaa chini. Kumbe hapana! Baada ya kofia iko ngazi nyingine. Unaenda maabara ya profesa, mwaka mmoja, miaka miwili. Si mwanafunzi, si mwalimu. Mtihani hakuna. Wanakulipa mshahara ujiulize swali ambalo hakuna mtu duniani anajua jibu lake.

Nikamwambia: basi huyo ni fundi amemaliza kufundishwa lakini hajapata gereji yake. Anakaa kwenye gereji ya mwenzake na spana zake mwenyewe, mpaka watu wajue mkono wake.

Akanitazama. Akasema, "Mjomba, hakuna mtu amewahi kueleza vizuri hivyo." (Naandika hapa isipotee. Daktari amesema. Tarehe kumi Aprili.)

Anasema ziko nyingi, kila asubuhi anazisoma kwenye simu kabla ya chai. Wanatafuta mtu wa nyota. Mtu wa samaki. Mtu wa betri, mtu wa madaraja, mtu wa kupima pumzi ya majani. Lakini ya udongo wa mchwa iko moja tu, Ujerumani, mji wenye jina kama mtu anakohoa. Miaka miwili. Kila mvua atarudi Koboko kupima kichuguu.

Kichuguu kipi? Changu! Hiki hiki alichokivunja — anataka kujua kinajijengaje upya. Na hapo ndipo iko sheria. Zamani alichukua udongo kwa maneno tu. Hawa wanataka karatasi ya mwenye kichuguu. Bila sahihi yake hawafungui hata barua ya Keji. Mwisho Jumanne, saa kumi na moja jioni ya huku.

Amenipa fomu. Karatasi mbili za Kiingereza, na pembeni ya kila kisanduku ameniandikia Kiswahili kwa penseli, herufi kubwa, kama ananifundisha. Kisanduku cha saba: mwenye kichuguu anapata nini? Akasema, "Hapo ujaze mwenyewe, mjomba. Andika ukweli. Uongo wanauchukia sana hapo."

Nikasema acha hapa, nisome polepole. Akaacha.

Alipokuwa anaondoka ameona miguu yangu. "Mjomba! Hizo kucha!"

"Hizo ni zako," nikamjibu. "Mkataba wetu umesahau?"

Hajasahau, alifunika uso. Mwaka 2019 nilikataa hela ya udongo. Mgongo wangu haukunjiki tangu nianguke kwenye lori la jeshi, miguu yangu naiona kwa mbali kama mtu anaona Kongo. Nikamwambia: chimba, lakini kila mwezi unikatie kucha za miguu. Alikata miezi mitano, vizuri sana, na maji ya moto. Halafu akaenda Kampala na vikopo vyake, kwaheri. Majirani wananisaidia, lakini wanakata kama wanachinja.

Ijumaa, 11 Aprili

Fomu iko chini ya godoro.

Sijui kwa nini nimeiweka huko. Nimerudi kutoka msikitini, nimeisoma mara mbili, kalamu nilikuwa nayo. Halafu nikainua godoro.

Jumamosi, 12 Aprili

Keji amepiga simu. Nimesema netiwaki mbaya, sisikii.

Netiwaki nzuri sana.

Jumapili, 13 Aprili

Amepiga tena. Nimesema shehe anaisoma fomu kwanza. Shehe hata hajui iko fomu. Kuku mweupe ananiangalia vibaya.

Jumatatu, 14 Aprili

Andama amekuja kunywa chai. Andama ni rafiki yangu na anachoma matofali, tanuru tatu barabara ya kwenda Arua. Tofali la mate likishinda, yeye amekwisha, na anajua. Kila siku ananiuliza: afande, huyo mtoto wako lini ataniua?

Leo hakutania. Akasema mjini wanasema Daktari anatafuta karatasi na mzee Yasiri hatoi. Ati kwa hiyo ni kweli, mjomba alimfunga, hata hao waliokuwa wanabisha sasa wanaamini.

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Mimi pia," akasema Andama. "Mimi nasema. Mimi ndiye wa kufaidika akikwama, mzee, na bado naona aibu. Wewe hapana ona aibu?"

Nikamfukuza. Alikunywa chai yake yote kwanza, halafu akaondoka.

Nimekaa mpaka jua limepita paa. Jumatatu iliyopita niliandika humu kwamba nimefunga vyuo vitatu, nikasema huo ni uongo. Sasa angalia. Uongo wa Jumatatu ile umekuwa kweli Jumatatu hii! Mdomo hauna nguvu yoyote, lakini godoro linayo. Mimi koplo wa geti nimekaa juu ya karatasi na mtoto anasimama nje ya mlango.

Na sababu naijua, niiandike basi. Kichuguu si sababu. Mwanangu Lukudu alikuja hivihivi na fomu, mwaka wa themanini na tisa, nikasaini, nikampulizia maji, nikaringa mtaa mzima. Yuko Australia. Anapiga simu Idi. Watoto wake wananiita kwa neno sielewi, wanapunga mkono, simu inakatika. Wote ninaowasainia kutoka, kitabu changu hakijawaandika kuingia.

Lakini hiyo si kazi ya geti. Kazi ya geti ni kuandika. Mwenye pasi anapita!

Kesho.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika nikiwa kwa Zam, Arua.

Asubuhi nilimpigia Keji simu kwamba naleta karatasi, nikatafuta gari — hakuna. Dereva wa kwanza injini, wa pili msiba. Saa saba mchana nimesimama barabarani na fomu kwenye koti, kanzu, kofia ya jeshi ya zamani. Nani anasimama? Andama, na lori lake la matofali.

"Panda, mzee. Napeleka tofali za moto na karatasi ya tofali za baridi. Mimi ni mjinga wa kwanza Koboko."

Njiani nimejaza. Jina. Mahali. Je, unakubali — ndiyo. Kisanduku cha saba, mwenye kichuguu anapata nini? Nikafikiri niandike maendeleo. Watu wote wanaandika maendeleo. Lakini Keji alisema ukweli. Lori likaruka shimo, nikasubiri, nikaandika kwa herufi za geti: KUKATIWA KUCHA ZA MIGUU, ZOTE KUMI, KILA MWEZI. BADO ANADAIWA. Sahihi.

Dukani kwa skani Keji alikuwa amesimama mlangoni toka asubuhi. Saa kumi na nusu tunafika, na umeme unaondoka! Sijawahi kuona mtoto anapauka uso hivyo. Mwenye duka anaitwa Zuhurah, mwanamke wa kazi, hakupiga kelele, alivuta kamba ya jenereta mara moja, mbili, ya tatu ikakohoa. Andama amesimama anazuia watu wengine, ati ngojeni, hii ni ya serikali! Karatasi ikaingia kwenye mashine, ikatoka. Keji hakuisoma, aliangalia sahihi tu. Saa kumi na dakika hamsini na mbili — niliandika mkononi — imeenda.

Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mjomba, siku nne ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mzuri ulikuwa wa shehe. Nikaona viatu vyake vya vumbi.

"Nilikuwa nalinda geti, mama."

Akatoa leso, akanifuta wino mkononi. Sijui kama amenisamehe. Chai ameniwekea sukari.

Jumapili, 27 Aprili

Nimerudi kwangu. Mvua mbili zimenyesha. Kumbikumbi hawajaruka.

Lakini! Jana nilifanya jambo alilonifundisha baba. Unachukua unyasi, unatoboa kichuguu mahali pengi, unaondoka. Kikiwa kimekufa, matundu yanabaki wazi. Leo asubuhi nimezunguka na fimbo: matundu yote yamezibwa, udongo mbichi, mweusi, bado una maji ya midomo yao. Hata lile jeraha kubwa la nyundo ya Keji limeanza kuota ukingo.

Nimempigia simu. Ameuliza yamezibwa kwa saa ngapi, upande wa jua au wa kivuli, lipi kwanza. Maswali kama polisi! Nikamwambia nitaandika. Basi sasa niko na kitabu cha pili, cha geti la mchwa. Nani ametoka, nani ameingia.

Ijumaa, 9 Mei

WAMEMWITA! Intavyu, Jumanne, kwenye kompyuta. Walioomba walikuwa mia moja na kitu, wameitwa watano. Watano! Nimepita sokoni taratibu sana. Nimenunua chumvi ambayo sihitaji, nimewaambia watu saba. Fatumah wa duka la chumvi akauliza, mzee, kwani umemfungua? Nikasema, mimi hapana funga, hapana fungua, huyo ni akili yake. Hakuniamini. Nilisema ukweli na sikuaminika, nikaona heri nilipokuwa nasema uongo.

Jumanne, 13 Mei

Ya leo ndefu. Niandike polepole nisiruke kitu.

Nimefika Ediofe mapema, kwa Paska, maana nyumba yake iko na netiwaki na ukimya. Keji kwenye meza, blauzi nyeupe. Sisi wazee watatu tumewekwa jikoni na amri: hakuna kukohoa. Paska na rozari. Zam anafunga na kufungua khanga yake. Mimi sikio kwenye mlango. Kiingereza changu ni cha geti, halt ya kusimamisha na pass ya kupitisha, lakini sauti naisoma.

Kwanza mwanamume, sauti kavu. Keji akajibu. Akajibu tena, ndefu, bila kusimama, anataja mchanga, unyevu, shinikizo, na naona mgongo wake kwa ufa wa mlango: umenyooka kama bendera. Nikasema moyoni, Paulino, ungeona! Kisha mwanamke, sauti ya mtu mkubwa, yule profesa mwenyewe. Akasema jambo. Keji akasema kwa mshangao, "Box seven?"

Kisanduku cha saba! Nikaziangalia kucha zangu.

Maana walikuwa wametafsiri! Mashine zao zinasoma Kiswahili. Nikamsikia Keji anavuta pumzi, anacheka kidogo kwa aibu, anaanza kueleza. Nikawaza: nimemwua. Vyuo vitatu vya uongo na kimoja cha kweli, kwa ukucha! Zam amenishika mkono, ati umeandika nini, umeandika nini wewe?

Mlango ukafunguka. "Mjomba, wanataka kukuona."

Nikaenda. Nikavaa kofia. Kwenye kioo kuna nyuso nne, mmoja ana paka. Profesa, mama wa nywele nyeupe, akanisalimia, Keji akawa anatafsiri. Ati anauliza, huo mkataba ni kweli au utani?

"Kweli," nikasema. "Na mdaiwa ni huyu hapa."

Ati nimeridhika na malipo hayo? Wengine kwenye kisanduku hicho wameandika maendeleo ya jamii, hakuna anayejua ni nini.

"Mwambie maendeleo hayakati kucha." Na nikainua mguu. Naam. Nikaushika kwa mikono miwili, nikausogeza mbele ya jicho la kompyuta waone kazi iliyobaki. Keji akafunika uso. Paka aliondoka.

Wakacheka, mpaka yule mkavu. Mimi nilidhani imekwisha. Lakini mama yule akauliza tena, safari hii bila kicheko: ninajuaje kwamba kichuguu ni kizima? Nikamweleza unyasi. Matundu. Upande wa kivuli huzibwa kwanza, wa jua baadaye, na mvua ikikaribia wanafanya haraka zaidi — nimeandika siku kumi na tano. Akasema kitu, Keji akanigeukia.

"Ati hilo hawakuwa nalo, mjomba. Wanaomba kitabu chako."

"Waambie kitabu hakitoki getini. Waje wasome hapa. Au wamlete huyu mara kwa mara, atanakili."

Huko jikoni Zam alikuwa analia. Paska anasema kwa sauti, bila kujali amri yoyote, asante Maria.

Njiani kurudi nilijaribu kuwa mnyenyekevu. Nilishindwa kabla ya kufika Aroi.

Jumatano, 14 Mei

Leo woga. Ule mguu! Kwa nini niliinua mguu?

Alhamisi, 22 Mei

Naandika sasa hivi, jambo liko linaendelea, mistari itapinda.

Keji amekuja asubuhi kupima kichuguu, na mashine zake ndogo na waya. Tulikuwa tunabishana kuhusu tundu la kumi na moja, mimi nasema lilizibwa kabla ya swala, yeye anasema baada, simu yake ikalia mfukoni. Akaiangalia. Akakaa palepale kwenye udongo.

"Imeli yao, mjomba."

"Wanasemaje?"

"Sijafungua."

"Fungua."

"Naogopa." Daktari, miaka thelathini na sita, ameshika simu kwa vidole viwili kama ameokota ng'e.

Nikamtazama. Na mimi — nisidanganye daftari langu — mimi pia sikutaka afungue. Ikiwa hapana, Agosti inakuja, ameoza, na mji utasema ni mdomo wangu. Ikiwa ndiyo, ana nguo za kununua na ndege ya kupanda, na nitamwandika ametoka. Naringa tayari, jamani! Nimeringa toka Ijumaa ile, sihitaji karatasi ya Ujerumani kuniambia mtoto huyu ni nani. Mia moja na kitu, na alikuwa kwenye watano.

Nikamwambia: weka simu chini. Imekungoja miaka minne, itangoja robo saa. Lete beseni, maji ya moto yako jikoni, wembe uko juu ya redio.

"Sasa hivi, mjomba?"

"Sasa hivi. Mkataba umesomwa na maprofesa wanne na paka."

Akacheka, akaenda. Amerudi. Sasa amekaa chini ya kiti changu, mguu wa kushoto umekwisha, wa kulia uko mapajani pake, kwenye kitenge. Simu imelala kifudifudi kando ya beseni, imelia tena mara moja, hatukuigusa. Nyuma yake kichuguu. Kumbikumbi wawili, watatu wametoka juu kabisa, wamekaa wanakausha mabawa. Hao watatu hata bakuli hawajazi. Sijamwonyesha bado.

Kidole gumba, tayari. Cha pili. Cha tatu. Mkono wake mwepesi kama ulivyokuwa. Cha nne.

Keji, mama — huo ukucha mdogo wa mwisho, wewe unanidai siku nne, mimi nakudai kucha, nakuomba hilo moja tu: ukate polepole.